Leni Moja, Watu Watatu: Adabu ya Bwawani Hapa Mwanza

Mwanza imekaa kando ya Ziwa Victoria, ziwa la karibu kilomita za mraba 68,000, lakini mabwawa yake ya kuogelea ni ya kuhesabu. Mengi ni ya hoteli, machache ni ya shule, na yaliyochorwa mistari sakafuni na kufungwa kamba za kugawa leni ni machache zaidi. Sisi tunaoogelea kwa mazoezi, watu wa kwenda na kurudi mpaka saa ya kazi ituite, tunabanana kwenye maji yale yale kwa saa zile zile: saa 12 asubuhi kabla ya kazi na saa 11 jioni baada ya kazi. Leni ni mbili au tatu. Watu ni sita, saba, wakati mwingine kumi.

Nimeona watu wastaarabu, watu ambao mtaani hawampiti jirani bila kumjulia hali, wakikunjiana nyuso majini kwa ajili ya mita mbili na nusu za upana. Kibaya zaidi, nimeona wanaoanza wakija asubuhi mbili tatu, wakapigwa mateke, wakaambiwa wanaziba njia, na hawakuonekana tena. Hao ndio wanaonifanya niandike. Taratibu za kugawana leni zipo, dunia nzima ya waogeleaji inazijua, na nyingi zinatufaa kama zilivyo. Chache hazitufai mpaka tuzishone upya zikae kwenye heshima zetu, na kwa hizo nitakaa zaidi.

Wageni huuliza kwa nini tugombee bwawa wakati ziwa liko pale. Aliyezaliwa huku anajua jibu. Maji ya kando, hasa penye majani, yana konokono wadogo wanaobeba kichocho. Vimelea vikishatoka kwa konokono hupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache, na huwa vingi zaidi mchana jua likiwa kali. Kuna maeneo ya mamba. Kuna nyavu zisizoonekana na boti za injini ambazo nahodha wake hatazamii kukuta kichwa cha mtu mbele yake. Ziwani tunakwenda, nitafika huko, lakini mazoezi ya kila siku ni ya bwawani.

Adabu ya kwanza ya leni ni kufungua mdomo. Ni ajabu kwamba jambo hili linahitaji kuandikwa kwetu, watu wa salamu. Mtu anaingia bwawani kimya kwa sababu mwenzake kichwa kiko ndani ya maji, anajiambia hamna wa kumsalimu. Anaruka, anaanza kuogelea, na aliyekuwa leni ile tangu mwanzo hana habari kwamba sasa wako wawili. Anakwenda katikati kama alivyokuwa akienda, macho kwenye mstari mweusi wa chini, na wanakutana kichwa kwa kichwa. Mwogeleaji wa kawaida anakwenda kama mita moja kwa sekunde. Wawili wakija mkabala, umbali kati yao unapungua mita mbili kila sekunde, na hakuna kati yao anayetazama mbele.

Basi usiruke. Kaa kwenye kona ya ukuta, miguu ikining'inia majini, mahali ambapo anayekuja kugeuka ataiona. Akiwa na haraka ya mazoezi yake hatasimama mara ya kwanza, na si dharau. Mwache ageuke mara moja au mbili, atasimama. Msalimu, mwambie: "Naomba tuogelee wote. Tugawane au tuzunguke?" Akijibu ndipo uingie, ukitanguliza miguu, pale pale konani. Maneno hayo yanachukua muda mfupi kuliko kuvaa miwani.

Kugawana ni kwa watu wawili. Leni ya mashindano ina upana wa mita 2.5, kwa hiyo kila mmoja anabaki na mita moja na robo, upande wake kwenda na upande ule ule kurudi. Inatosha, mradi kila mtu ashike upande wake. Bwawani kwa hoteli, ambako mara nyingi hakuna kamba wala mstari, mnakubaliana kwa alama: wewe toka ngazi mpaka ule mwavuli wa pili, mimi toka mwavuli mpaka ukuta. Naona watu wakiona haya kupanga hivyo, kana kwamba wanamiliki maji ya mwenye hoteli. Hakuna cha kuonea haya. Mnaweka mpaka ili msigongane, na mkitoka mpaka umekwisha.

Akija wa tatu, kugawana kunakufa. Hapo mnazunguka: wote mnakwenda kwa upande mmoja wa leni na kurudi kwa upande wa pili, mmoja nyuma ya mwingine. Sharti ni kwamba wote watatu wasikie kwa masikio yao kwamba mpango umebadilika. Kumwambia mmoja ukitumaini atamfikishia mwenzake hakutoshi, maana mwenzake yuko katikati ya bwawa, anaendelea na nusu yake, na safari ijayo atakutana na wewe unayezunguka. Wa tatu asianze mpaka amewasikia wote wawili wakisema sawa.

Na mnazunguka kwa upande gani? Hapa Mwanza swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ya watu tulionao. Asubuhi moja leni yetu inaweza kuwa na daktari aliyekuja kujitolea kutoka Marekani, kijana aliyesoma Australia, na mwalimu aliyejifunzia kuogelea Nyegezi akiwa mtoto. Marekani wanashika kulia, kwa hiyo mzunguko unakwenda kinyume cha mishale ya saa. Australia wanashika kushoto. Uingereza mabwawa mengi yanaweka kibao kwa kila leni, moja inazunguka hivi, jirani yake inazunguka vile, ili walioko pande mbili za kamba moja waende uelekeo mmoja na mikono yao isipigane juu ya kamba. Kila mtu amefundishwa vizuri kwao. Nimewaona wawili wa namna hiyo wakigongana mabega na kila mmoja akimtazama mwenzake kama mkosaji, na wote walikuwa sahihi.

Nashauri tushike kushoto. Ndivyo tunavyoendesha magari, ndivyo mwili wa mtu wa hapa unavyokwepa bila kufikiri, na mgeni hatahitaji maelezo zaidi ya kuambiwa kwamba bwawani ni kama barabarani. Kwa anayetazama kutoka juu, mzunguko wa kushika kushoto unafuata mishale ya saa. Mwenye bwawa akiandika neno moja, KUSHOTO, kwenye ukingo wa kila upande, atakuwa ametuondolea nusu ya ugomvi.

Penye kuzunguka, watu wengi wanakosea kwenye kugeuka. Ukija umeshika kushoto ukagusa ukuta pale pale kushoto na kujisukuma kurudi, unatokea usoni kwa anayekufuata. Mapigo mawili matatu ya mwisho yakupeleke upande wa pili, kwa mshazari, ili miguu ikijisukuma ukutani uwe tayari kwenye upande wa kurudia. Kwenye mabwawa yaliyochorwa vizuri, mstari wa chini unaishia kwa alama ya msalaba mita 2 kabla ya ukuta. Ukiiona hiyo, umechelewa kuanza kuvuka kidogo tu, bado unaweza. Pasipo na mstari, chagua kigae.

Sasa nifike kwenye jambo la kasi.

Kanuni ya dunia ni kwamba mwenye kasi anatangulia. Kwenye mzunguko, wa haraka mbele, anayemfuata kwa kasi nyuma yake, wa polepole mwisho. Kila mmoja anamwachia aliyemtangulia sekunde tano kabla ya kujisukuma, na kwa kasi ya mita moja kwa sekunde hizo ni mita tano za maji safi. Ni rahisi kabisa mpaka wa polepole awe mzee wa miaka sitini na tano, na wa haraka awe kijana wa chuo.

Kijana aliyelelewa vizuri anafanya nini? Anakaa nyuma. Anapunguza mwendo, anakanyaga maji, anajifanya anarekebisha miwani. Mazoezi yake yameharibika na hathubutu kusema. Au siku nyingine uvumilivu unamwishia, anakata katikati, anapita kwa nguvu na kumwagia mzee maji puani, kisha wote wawili wanabaki na kinyongo. Nimeyaona yote mawili kwa watu wale wale.

Kwingine wana dawa ya hili: anayefuata anagusa unyayo wa aliye mbele, mara moja, kwa ncha ya kidole. Maana yake ni kwamba niko nyuma yako, nipishe tukifika ukutani. Kwa wanaofanya mazoezi pamoja chini ya kocha mmoja ni sawa kabisa. Lakini kijana amguse mguu mzee asiyemjua, majini, wote wakiwa wamevaa nguo za kuogelea? Mwanamume amguse mguu dada au mama aliyekuja kuogelea peke yake? Hilo kwetu si jambo jepesi, na sioni sababu ya kulazimisha liwe jepesi. Anayeguswa anashtuka, na mwogeleaji aliyeshtuka anakunywa maji. Kwa maoni yangu desturi hiyo ibaki kwa waliokubaliana mapema, basi.

Tulicho nacho sisi kinafanya kazi vizuri zaidi. Kabla ya kuanza, ukutani, kijana anasema: "Shikamoo mzee. Leo nina mazoezi ya kasi, naomba unipishe nikikufikia." Mzee anaitikia marahaba, anauliza atakwenda mara ngapi, na yamekwisha. Heshima imetolewa mahali pake, nchi kavu, kwa maneno. Ndani ya maji umri haumtangulizi mtu. Nalisema hili nikijua kuna watakaolipinga, lakini nimeona jinsi leni inavyoharibika pale cheo, umri au unene wa pochi unapopewa nafasi ya mbele. Mkurugenzi anayeogelea polepole ni mwogeleaji wa polepole. Apewe shikamoo yake, apishwe bafuni, halafu ashike nafasi ya mwisho kwenye mzunguko.

Na anayepitwa naye ana adabu yake, tena nzito zaidi. Akimhisi mtu nyuma, asiongeze kasi kwa wivu. Afike ukutani, asogee konani, asimame, apishe, ahesabu mpaka tano, aendelee. Bwawani kwetu yuko mzee mstaafu wa melini ambaye hufanya hivi bila kuombwa. Anafika ukutani, anajibana kwenye kona kwa mgongo, anainua mkono: "Pita, mwanangu, pita." Vijana wote wanataka kuwa leni yake.

Wanaoona uchungu kusimama nawaombea dakika moja ya hesabu. Chukua bwawa la mita 20, wawili wanazunguka, kwa hiyo mzunguko mzima ni mita 40. Wa haraka anamaliza urefu mmoja kwa sekunde 20, wa polepole kwa sekunde 32. Wa haraka anampunguzia mwenzake kama sentimita 37 kila sekunde, na baada ya dakika moja na sekunde 47 hivi amemzunguka na kumfikia tena. Katika nusu saa bila kupumzika atamfikia mara 16. Kama wa polepole atasimama sekunde tano kila mara, atatumia sekunde 80 katika dakika 30. Asiposimama, ni mara 16 za kukatana, kumwagiana maji na kununiana. Sekunde 80 ni bei ndogo, na karibu kila mwogeleaji wa polepole anahitaji kupumua ukutani hata hivyo.

Jambo jingine kuhusu kufuatana: kuogelea karibu na nyayo za mwenzako ni rahisi, kwa sababu yeye anayapasua maji na wewe unavutwa kwenye mkondo wake. Ndiyo maana mtu anaweza kukuganda nyuma urefu kumi mfululizo akaamini ana kasi kuliko wewe. Ukimpisha, baada ya kwenda na kurudi mara mbili anachoka, na sasa wewe ndiye unayembana. Hana hila, maji yamemdanganya. Kabla ya kuomba kupishwa, jiachie mita tano nyuma na uone kama bado unamfikia.

Na ukimfuata mwanamke, ziongeze hizo mita tano. Miwani ya kuogelea inaonyesha kila kitu chini ya maji, na wanawake wanajua. Dada kadhaa wameniambia wanachagua saa ya mchana yenye jua kali ili tu wasiogelee na mtu nyuma. Kuna wanaoogelea na mavazi ya kujistiri toka kichwa hadi miguu, na mavazi hayo hujaa maji na kupunguza mwendo. Kuwasonga au kuwatolea macho ni utovu wa adabu ule ule.

Pamoja na hilo liende hili: usimfundishe mtu ambaye hajakuomba. Bwawa la Mwanza lina walimu wengi kuliko wanafunzi. Mama amesimama ukutani anatafuta pumzi, tayari mwanamume asiyemjua anamwelekeza viganja vikae vipi na shingo igeuke vipi. Anaweza kuwa anasema kweli. Lakini yule mama amekuja na mpango wake, pengine ana kocha wake, pengine anataka tu dakika 40 ambazo hakuna anayemwambia la kufanya.

Ukutani penyewe, kona ndiyo ya kupumzikia. Katikati ya ukuta ni mali ya anayegeuka. Watu wawili wakisimama katikati wakizungumza habari za kiwanja cha Buswelu, wa tatu hana pa kugusia, na anasimama mita mbili kabla ya ukuta akishangaa. Mazungumzo marefu yapandishwe ukingoni.

Mitindo nayo haiko sawa kwenye leni ya pamoja. Mtindo huru unakaa vizuri. Wa chura una teke linalopanuka pande zote, kwa hiyo anayeogelea chura ashikilie karibu na kamba, na anayepishana naye ajue kisigino kinakuja. Kipepeo kinataka leni nzima. Penye watu wengi, ukikutana na mwenzako piga kwa mkono mmoja mpaka mpishane, au kiache mpaka leni itulie. Chali ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu huoni unakokwenda. Kwenye mabwawa ya mashindano kuna bendera zimetundikwa mita 5 kabla ya ukuta, mwogeleaji anaziona juu yake na kuhesabu mapigo yaliyobaki. Hotelini utaona mnazi na mawingu. Hesabu mapigo yako toka ukuta hadi ukuta leni ikiwa tupu, uyajue, ndipo uogelee chali na wenzako. Vibao vya mikononi, vile vinavyovaliwa viganjani kwa mazoezi, ni plastiki ngumu, vikimpiga mtu vinaumiza. Navionea mashaka mahali popote penye zaidi ya watu wawili.

Kuoga kabla ya kuingia sitasema sana. Wengi wetu tunatoka nyumbani tumejipaka mafuta, na mafuta yote hayo yanaelea. Jasho na mkojo vikikutana na klorini vinazaa kemikali inayowasha macho na kutoa ile harufu kali ambayo watu hudhani ni ya klorini nyingi. Dakika moja ya bomba inatosha.

Ninataka kurudi kwa wanaoanza, kwa sababu hapa ndipo adabu ya leni inapoacha kuwa habari ya starehe. Huu ni mji ambao mwaka 1996, tarehe 21 Mei, ulipokea miili kutoka MV Bukoba, meli ya abiria iliyozama ziwani. Makaburi yako Igoma, na familia zilizopoteza watu bado tunaishi nazo mitaani. Tarehe 20 Septemba 2018 kikapinduka kivuko cha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, kikibakiza hatua chache kufika gatini. Ajali kama hizo hazizuiwi na mtu mmoja kujua kuogelea, kuna mambo ya uzito wa mizigo, ukaguzi na maboya. Lakini kila wiki kuna mtumbwi, kuna mtoto aliyetumwa maji, kuna mvuvi wa dagaa aliyeteleza usiku, ambao kuweza kuelea kwa dakika tano kungewafaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kukumbusha jambo hili. Sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji kukumbushwa na mtu, tunahitaji watu wazima wengi zaidi wathubutu kuingia majini kujifunza.

Na mtu mzima anayejifunza anahitaji ujasiri kuliko mtoto. Mwanamume wa miaka arobaini, baba wa watu, anaingia bwawani akishika ukingo mbele ya vijana. Akipigwa wimbi usoni mara tatu anatoka, na hatakwambia kwa nini. Kwa hiyo leni ya ukutani, ile yenye ukingo wa kushika na maji yasiyozidi kifua upande mmoja, ni ya wanaojifunza. Hata kama iko tupu na leni yako imejaa, waache nafasi hiyo waione iko wazi wanapofika mlangoni. Usijisukume kwa nguvu karibu nao. Wakiingia leni yako kwa kutojua, usipige maji kwa hasira. Simama, salimu, elekeza. "Kaka, upande ule utakufaa zaidi, kuna pa kushika" ni sentensi inayombakiza mtu bwawani.

Wenye mabwawa nao wana sehemu yao. Kamba moja tu ya kugawa, hata ya vyelezo vya wavuvi vilivyofungwa kwenye kamba ya katani, ingetenga wanaoogelea na wanaocheza asubuhi zote. Vyelezo viko soko la samaki la Mwaloni vimejaa.

Jumapili mchana siogelei kwa mazoezi, na nawashauri wenzangu nao wasiogelee hivyo. Siku hiyo bwawa la hoteli ni la familia. Watoto wamekuja na maboya yao ya mikononi, wazazi wamenunua chipsi na soda, muziki uko juu. Mtu anayepita katikati yao kwa mtindo huru, akikasirika kila mtoto anapomkatiza, ndiye aliyekosea mahali na saa. Akitaka maji ya peke yake aamke saa 11 alfajiri.

Ziwani, nilisema nitafika. Baadhi yetu huenda asubuhi sana, kabla upepo wa mchana haujaanza kuvuma kutoka majini, mbali na majani ya kando, baada ya kuwauliza wavuvi wa eneo hilo kuhusu mamba, na mtumbwi ukiwa pembeni na mtu wa kupiga kasia. Tunavaa kofia za rangi kali na kila mmoja anafunga kiunoni chelezo kinachoonekana kwa boti. Huko hakuna leni wala ukuta, na taratibu zilizotupatanisha bwawani zinageuka zote. Kumganda mwenzako nyayo bwawani ni kero. Ziwani, aliye dhaifu tunamweka makusudi nyuma ya nyayo za mwenye nguvu, avutwe na mkondo, na mwenye nguvu hageuki kulalamika. Bwawani wa haraka anatangulia na wa polepole anapisha. Ziwani hakuna anayempita wa polepole. Anayejiona ana nguvu zaidi siku hiyo anaogelea mwisho kabisa, ili asibaki mtu nyuma yake.

Kabla ya kuingia tunahesabiana kwa sauti, tunamwonyesha mpiga kasia ishara ya mkono ya kuita mtumbwi, kisha tunamuuliza wa polepole anajisikia kufika wapi. Siku nyingine anataja jiwe la mbali, siku nyingine anataja boti iliyotia nanga hapo karibu. Anapotaja ndipo tunapogeuzia wote.